Kufuli kwenye Dawa ya Mafua, na Deni la Aliyeifunga

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokubali kukaa kwenye kikao cha afya siku ya mapumziko, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie dawa za mafua, na nimewasikia wengine wakiguna: mafua nayo ni mada? Ni mada. Tangu nianze kazi ya famasia hapa Marekani, kila baridi inapoingia watu wetu wananiuliza swali lile lile. Dawa hii haihitaji cheti cha daktari, kwa nini basi naombwa kitambulisho, naandikwa jina na anwani, natia saini, halafu kompyuta inaweza kukataa? Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kama watu walioshikwa na kosa. Leo nataka tulijibu swali hilo hadi mwisho. Ndani yake kuna sheria inayowagusa moja kwa moja, kuna mtego ambao vijana wanaweza kuingizwa bila kujua, na kuna jambo ambalo naamini kwa dhati kwamba serikali ya nchi hii iliwakosea wagonjwa kwa miaka mingi.

Dawa yenyewe ni pseudoefedrini. Wengi mnaijua kwa jina la Sudafed, na imo pia ndani ya dawa za mzio zenye herufi D mwishoni mwa jina, kama Claritin-D na Zyrtec-D. Ukishikwa na mafua, kinachoziba pua si kamasi peke yake. Mishipa midogo ya damu ndani ya pua hujaa na kuvimba mpaka hewa inakosa pa kupita. Pseudoefedrini huibana mishipa hiyo, uvimbe ukashuka, ukapumua. Haiui kirusi wala haifupishi ugonjwa hata kwa siku moja. Kazi yake ni kukupa usingizi wa usiku mmoja na nguvu za kwenda kazini kesho yake, na kwa mtu anayetakiwa awe ghalani saa kumi na moja alfajiri, hilo si jambo dogo.

Tatizo liko kwenye kemia. Ukiiweka molekuli ya pseudoefedrini kando ya molekuli ya methamfetamini, ile dawa ya kulevya inayong'oa watu meno na kuvunja nyumba zao, tofauti ni atomu moja tu ya oksijeni. Wapishi wa methamfetamini walilijua hilo mapema. Zamani walitumia kemikali nyingine iitwayo P2P. Serikali ilipoibana P2P mwaka 1980, wakahamia efedrini, ndugu wa karibu wa pseudoefedrini. Efedrini ilipobanwa, wakahamia vidonge vya mafua vilivyokuwa vikiuzwa rafuni bila swali lolote. Mtu alikuwa anaweza kuingia dukani akatoka na begi limejaa.

Naomba tusiipite haraka sehemu hii, kwa sababu wapo wanaodhani sheria hii ilitungwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Haikuwa hivyo. Maabara hizo zilikuwa jikoni, bafuni, kwenye vyumba vya moteli, hata ndani ya magari. Zililipuka. Watoto waliungua, na wengine walilala kwenye nyumba ambazo kuta na mazulia vilishalowa sumu. Mwaka 2004 peke yake polisi nchini waliripoti zaidi ya matukio 23,000 ya maabara, mabaki ya maabara au kemikali zilizotupwa, na kwa miaka mingi jimbo la Missouri lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Oklahoma ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua: Aprili 2004 ilipitisha sheria ya kuweka vidonge vya pseudoefedrini nyuma ya kaunta ya mfamasia. Sheria hiyo ilipewa majina ya maafisa watatu wa usalama waliouawa katika mapambano na methamfetamini, Nik Green, Rocky Eales na Matthew Evans. Kwa hiyo kufuli hili lilifungwa na watu waliokuwa wametoka kuzika.

Bunge la taifa likafuata. Maseneta wawili wa vyama tofauti, Jim Talent wa Missouri na Dianne Feinstein wa California, waliusukuma muswada, na Rais George W. Bush akautia saini Machi 2006. Tangu hapo, dukani huruhusiwi kununua zaidi ya gramu 3.6 za pseudoefedrini kwa siku wala zaidi ya gramu 9 ndani ya siku 30. Kwa njia ya posta kiwango ni gramu 7.5. Dawa ikae nyuma ya kaunta au kwenye kabati lenye kufuli. Muuzaji aone kitambulisho chenye picha. Mnunuzi aandikwe jina, anwani, siku na saa, aina na kiasi cha dawa, kisha atie saini, na kumbukumbu hiyo itunzwe kwa miaka isiyopungua miwili. Kwenye daftari kuna onyo kwamba ukidanganya unaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 na kufungwa hadi miaka 5. Nimewaona watu wenye homa, macho mekundu, wakilisoma onyo hilo na kurudisha kisanduku.

Gramu hizo zina maana gani kwa vidonge? Gramu 9 ni kama vidonge 366 vya miligramu 30, au 91 vile vikubwa vya saa 12. Kwa mtu mzima mmoja zinatosha na kubaki, hata akiwa mgonjwa mwezi mzima. Lakini chukua mume na mke ambao wote wana mzio wa maua na kila mmoja anameza kidonge cha saa 12 asubuhi na jioni. Wawili hao wanahitaji vidonge 120 kwa mwezi. Kama anayenunua ni mmoja, kwa kuwa mwenzake yuko kazini au hana kitambulisho kinachokubalika, atagonga kikomo kabla ya mwezi kwisha. Na akipitiliza kwa makusudi, sheria inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai la mnunuzi, hata kama dawa yote imeishia kooni mwao.

Majimbo mengi sasa yameunganishwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta uitwao NPLEx. Ukinunua duka hili asubuhi na jingine jioni, duka la pili linaona papo hapo na mashine inazuia mauzo. Gharama za mfumo huo zinalipwa na watengenezaji wa dawa wenyewe. Hawa ndio waliokuwa wakipinga dawa kurudishwa kwenye cheti cha daktari, na mfumo ndio uliokuwa jibu lao: tuwekeeni kompyuta, msitupeleke kwa daktari.

Je, sheria ilifanya kazi? Nitajibu kwa haki. Kwa upande wa maabara za majumbani, ilisaidia. Ndani ya miaka mitatu idadi ilishuka chini ya nusu. Kisha ikapanda tena, kwa sababu wapishi walibuni njia ya kupika kidogo kidogo ndani ya chupa moja, na wakaanza kuwatuma watu wengi, kila mmoja anunue kiasi kisichozidi kikomo. Oregon ilikuwa tayari imeingiza cheti cha daktari mwaka 2006, na Mississippi ikafuata 2010. Maabara zilipungua sana Oregon, lakini zilipungua pia kwa majirani zake Washington na California, ambao hawakumlazimisha mtu kwenda kwa daktari. Oregon na Mississippi zote mbili ziliondoa sharti hilo kuanzia Januari 2022. New Zealand nayo iliitia dawa hii kwenye cheti mwaka 2011, ikairudisha kaunta mwaka 2024. Naona hilo linatosha kutuonyesha kwamba kumtoza mgonjwa gharama ya daktari kwa ajili ya pua iliyoziba ni adhabu isiyo na faida ya kutosha.

Ila methamfetamini yenyewe haikuondoka. Ilihama. Mexico ilipopiga marufuku pseudoefedrini mwaka 2008, magenge makubwa ya huko yalirudi kwenye P2P ile ile ya zamani, sasa kwa viwango vya kiwanda, yakaijaza nchi hii methamfetamini kali na ya bei ndogo ambayo haina hata chembe ya kidonge cha mafua ndani yake. Mwaka 2021 zaidi ya watu 30,000 walikufa hapa Marekani kwa methamfetamini na dawa za jamii yake, wengi wao wakiwa wamechanganya na fentanili, dawa ya kulevya kali mno, mara nyingine bila kujua. Nawaomba muikumbuke hesabu hiyo kila mtu anapowaambia kwamba daftari la famasia ndilo linalotulinda na methamfetamini. Linatulinda na jiko la jirani kulipuka, na mimi nalithamini kwa hilo. Ila kwa shehena inayovuka mpaka, daftari halina msaada.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa mtanivumilia.

Ukiifungia kabatini dawa inayofanya kazi, lazima uangalie ni nini kimebaki rafuni. Zamani kulikuwa na dawa nyingine, fenilpropanolamini, lakini mwaka 2000 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya hapa, iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni kwa kuwa ilihusishwa na kiharusi cha kuvuja damu ubongoni, hasa kwa wanawake. Ilibaki fenilefrini. Hiyo haigeuzwi methamfetamini kirahisi, kwa hiyo haina daftari wala kitambulisho. Kampuni zilianza kubadilisha mapishi ya dawa zao hata kabla sheria haijasainiwa. Sudafed PE iliingia sokoni mwaka 2005. Kisanduku kinafanana, rangi zinafanana, jina ni lile lile, kimeongezwa herufi mbili tu. Mgonjwa aliyekuwa amezoea dawa yake aliifuata rafuni akaikuta, akafurahi, akalipa.

Na haikumsaidia.

Fenilefrini ikipuliziwa puani inafanya kazi, maana inagusa mishipa iliyovimba moja kwa moja. Ikimezwa, utumbo na ini huivunjavunja kabla haijafika kwenye damu, na kinachobaki ni kidogo mno kuweza kuzibua pua. Hili halikugunduliwa jana. Wafamasia wawili wa Chuo Kikuu cha Florida, Randy Hatton na Leslie Hendeles, waliiandikia FDA mwaka 2007 wakionyesha kwamba ushahidi wa kipimo kilichokuwa kinauzwa ni dhaifu. Tafiti mpya zilifanyika, zikaonyesha kwamba aliyemeza fenilefrini hakupata nafuu kumzidi aliyemeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2015 wakaandika tena, safari hii wakiomba iondolewe. Ikabidi ifike Septemba 2023 ndipo jopo la washauri wa FDA likapiga kura: 16 kwa 0, fenilefrini ya kumeza haifanyi kazi. Hakuna hata mmoja aliyeitetea. Na mwaka mmoja tu kabla ya kura hiyo, 2022, Wamarekani walikuwa wamenunua dawa zenye fenilefrini za karibu dola bilioni 1.8.

Novemba 2024 FDA ilipendekeza rasmi kuiondoa kwenye orodha ya dawa za kumeza zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti. Kuna mnyororo mmoja mkubwa wa famasia uliokuwa umeshatangaza tangu 2023 kwamba unaondoa rafuni visanduku ambavyo dawa yake ni fenilefrini peke yake. Ni hatua njema. Lakini hesabuni wenyewe: kutoka sheria ya 2006 hadi kura ya 2023 ni miaka 17. Kwa miaka 17 serikali ilimwambia mgonjwa kwamba ile dawa nzuri ni ya hatari kwa jamii, haya chukua hii iliyo wazi. Na ile iliyo wazi haikufanya kazi. Waliofunga kabati walikuwa na deni la kuhakikisha kilichobaki nje kinatibu. Hawakulilipa. Sisemi kwamba walikusudia. Nasema vyombo viwili vya serikali moja, kimoja kinachofukuza wahalifu na kingine kinachopima dawa, kila kimoja kilitazama upande wake, na mgonjwa akawa katikati.

Na waliolipa zaidi ni watu kama sisi. Mama mmoja wa humu kwetu, sitamtaja, alinipa ruhusa niwaeleze yaliyompata. Alitoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, pua imeziba siku ya tatu, kichwa kinagonga. Akaenda famasia moja karibu na kazini kwake, akaomba pseudoefedrini kwa jina, maana tulishaongea. Msaidizi akamwomba kitambulisho. Mama akatoa kadi yake ya kibali cha kazi, ile yenye picha na alama ya kidole. Msaidizi akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akasema mashine inataka leseni ya udereva. Mama hana gari, hana leseni. Nyuma yake foleni inasogea. Akaona aibu, akasema haya basi, akaenda rafuni akachukua kisanduku kilicho wazi, akalipa, akameza kwa siku nne, halafu akanipigia simu kuniuliza kama mwili wake una tatizo, mbona dawa haishiki.

Mwili wake haukuwa na tatizo. Na kadi yake ilikuwa halali. Kanuni za shirikisho hazitaji leseni ya udereva peke yake. Zinakubali kitambulisho chenye picha kilichotolewa na jimbo au serikali kuu, na zinakubali pia hati zile zile mnazoonyesha mkiajiriwa: kadi ya ukaazi wa kudumu, kadi ya kibali cha kazi yenye picha, pasipoti ya Marekani. Pasipoti ya nchi tulikotoka, ikiwa peke yake bila mhuri wa ukaazi, mara nyingi haitoshi. Ukikataliwa, usibishane na msaidizi. Mwombe kwa upole akuitie mfamasia mwenyewe. Mfamasia anajua, au anajua pa kutazama. Na jimbo lolote linatoa kitambulisho cha kawaida kwa asiyeendesha gari, kwa hiyo wazee wetu wasiokuwa na leseni tuwasaidie wakipate.

Vijana, sasa nawageukia ninyi. Wakati mwingine mtu atakufuata nje ya duka, au rafiki wa kazini atakuambia: ninunulie kisanduku kimoja tu, mimi nimeshafika kikomo, chukua na hela ya soda. Anaweza kuwa na mafua kweli. Lakini hiyo ndiyo njia wapishi walivyokwepa sheria tangu mwanzo, na jina litakaloandikwa ni lako, na saini ni yako. Kesi inayogusa dawa za kulevya inaweza kukuharibia hati zako za ukaazi kwa namna ambayo hakuna wakili wa bei nafuu atakayeirekebisha. Mnunulie mama yako, mnunulie mkeo, mnunulie mtoto wako. Usimnunulie mtu wa maegesho.

Na wazee, kuna jambo kuhusu shinikizo la damu. Pseudoefedrini inabana mishipa ya pua lakini haiishii puani. Inaweza kupandisha presha na kuufanya moyo uende mbio, na wanaume wenye tezi dume wanaweza kupata shida ya kukojoa. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, asiimeze kabla hajauliza. Hapa nakiri kabati lina faida: linakulazimisha kuongea na mfamasia. Tumia nafasi hiyo. Mwambie dawa zako zote. Kama hutakiwi kuimeza, kuna dawa za kupulizia puani, lakini zile za kuzibua haraka zisizidi siku tatu, la sivyo pua itaziba zaidi ukiziacha. Kuna maji ya chumvi ya kusafishia pua, ambayo hayana daftari na hayamdhuru mtu, ilimradi maji yawe yamechemshwa na kupozwa au yale ya kununua yaliyosafishwa kwa kazi hiyo.

Ninachotaka serikali ifanye ni mambo machache. Daftari libaki, sina ugomvi nalo. Fenilefrini ya kumeza itoke rafuni, kwa amri na si kwa hiari ya duka. Maduka yafundishe wasaidizi wao orodha kamili ya vitambulisho, na mashine zisiandikwe kana kwamba kila mtu nchini anaendesha gari. Na mgonjwa anayemnunulia mwenzake ndani ya nyumba moja atazamwe kama mhudumu wa mgonjwa, sheria imwekee njia. Tunao wawakilishi bungeni, na wengi hapa mmeshakuwa raia mnaopiga kura. Ofisi zao hupokea barua na simu za wakazi wa jimbo lao. Nimeandaa barua fupi kwa Kiingereza yenye madai haya. Mwenye kukubaliana nayo aweke jina lake na anwani yake, tutazituma pamoja.

Leo pia niliwaomba mje na visanduku vya dawa mlivyonavyo nyumbani. Nitakaa pale mezani karibu na chai. Tutageuza kila kisanduku nyuma, tutasoma mstari wa viambato, na palipoandikwa fenilefrini ya kumeza nitakuwekea alama ya kalamu nyekundu. Tuanze na wazee.